Kiondo na Hati Isiyoonekana

Kuna habari ambayo Wakenya wengi wa rika langu wanaijua bila kufundishwa: kwamba Wajapani walikisajili kiondo, kikapu chetu cha kamba, kikawa mali yao. Nimeisikia kwa mwalimu, kwa makanga wa matatu, kwa mgombea jukwaani na kwa msomi ukumbini. Wote huisimulia kwa uhakika uleule, na wote hukwama mahali pamoja. Ukiuliza nambari ya usajili, hakuna. Ukiuliza mwaka, hakuna. Ukiuliza jina la aliyesajili, unaambiwa tu, "Si ni Wajapani?" Jambo linalosemwa na nchi nzima kwa sauti moja linapaswa kuwa na karatasi mahali fulani. Basi karatasi hiyo iko wapi?

Nilianza na sheria, maana hati haipatikani mahali ambapo sheria haiiruhusu. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, usiowahi kuonekana hadharani. Kiondo hakikuwa kipya. Mwaka 1910 William na Katherine Routledge walichapisha kitabu juu ya Wakikuyu. Mwaka 1920 Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, akatoa chake juu ya Wakamba. Vyote viwili vinaeleza mifuko ya kamba inayosukwa na wanawake. Hivyo nusu karne kabla ya wizi unaodaiwa, kazi hii ilikwisha kuchapishwa na kuwekwa kwenye maktaba za Ulaya. Mkaguzi makini wa hataza angelitupa ombi kama hilo kwa ushahidi wa kitabu kimoja tu. Kama si hataza, ni nini basi kilichosajiliwa?

Uwezekano wa pili ni usajili wa sura ya bidhaa: umbo, mistari, mpangilio wa rangi. Huo ni rahisi kuupata kuliko hataza. Nikaingia kwenye hifadhidata za hataza na sura za bidhaa, za kimataifa na za Japani, zilizo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Nilitafuta kwa herufi zetu, kisha kwa herufi za Kijapani. Sikuona hati ya kiondo. Lakini mtafutaji mwaminifu hafurahii ukimya mapema. Usajili wa sura hufuata mchoro, si jina. Mtu angeweza kuchora kiondo chenyewe na kukiita mfuko wa mkono, kisha mchoro ukazama miongoni mwa maelfu. Je, ukimya huo unatosha kuifunga kesi?

Peke yake hautoshi, ila hesabu ya miaka inasaidia. Chini ya sheria ya Japani ya mwaka 1959, usajili wa sura ulidumu miaka 15. Muda huo uliongezwa hadi 20, kisha 25, lakini hayo yalikuja katika karne hii. Sura iliyosajiliwa mwaka 1980 ingekuwa imekwisha nguvu katikati ya miaka ya 1990. Tena haki hizi zina mipaka ya nchi. Karatasi ya Tokyo haimzuii msusi wa Machakos kusuka, wala dukawala wa Nairobi kuuza, wala mnunuzi wa London kuagiza. Kwa hiyo hata tukikubali habari hii katika hali yake mbaya kabisa, haielezi kwa nini soko lilipotea kwingineko kote. Ni kitu gani kinaiweka hai?

Nikageukia habari yenyewe na kuilinganisha kwa wasimulizi. Kwa mmoja, mkosaji ni Japani. Kwa mwingine ni Korea. Wa tatu anataja Taiwan, na vijana wa leo wanataja China. Mwaka nao unahama: miaka ya 1970, miaka ya 1980, mara "juzi juzi tu". Wengine husema vikapu vya huko vilifumwa kwa mashine, wengine husema ni mikono kama yetu, iliyolipwa kidogo zaidi. Jambo moja tu halibadiliki: vikapu vinavyofanana na vyetu vilitokea sokoni ng'ambo kwa bei ya chini, na maagizo yakapungua. Hilo ni dai la biashara, na dai la hati ni jambo jingine kabisa. Yalichanganywa lini?

Sehemu ya mchanganyiko huo ni changa. Baina ya mwaka 2006 na 2008 kulikuwa na kesi ya kweli, yenye karatasi: kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, kuwa alama yake ya biashara. Watetezi wa biashara ya haki na mawakili wa kujitolea walilipinga ombi hilo, na halikufika popote. Kesi ile ilihusu jina, si hataza. Ilikuwa Uingereza, si Japani. Ilihusu nguo ya Pwani, si kikapu cha bara. Hata hivyo, katika mazungumzo mengi kikoi na kiondo hutajwa kwa pumzi moja, na ushahidi wa kimoja hukopeshwa kingine. Lakini uvumi wa kiondo ulikuwapo kabla ya kesi ya kikoi. Je, wasusi wenyewe wanaukumbuka ukianzia wapi?

Ndiyo maana nikaiacha barabara ya Mombasa pale Kyumbi na kupanda kuelekea mji wa Machakos, vilima vya Mua na Iveti vikiwa mbele. Sokoni vikapu vimetundikwa kwa mikanda yake ya ngozi, na mtu asiye na haraka huona kwamba si vya namna moja. Kimoja ni cha katani tupu. Cha pili kina katani kwa kusimama na uzi wa sufu wa dukani kwa kuzunguka. Cha tatu ni cha plastiki, king'aavu, chepesi, hakiogopi mvua. Muuzaji anaviita vyote kiondo bila kusita, na wanunuzi hawabishi. Sheria yoyote ya kulinda kiondo italazimika kuchagua. Itachagua kipi?

Nilifuata katani. Upande wa Masii, kwenye barabara iendayo Wamunyu na Kitui, nilimkuta mama mkongwe akisokota kivulini. Alikuwa amekunja leso hadi juu ya goti. Alichukua vifungu viwili vya nyuzi, akavilaza juu ya paja lililopakwa majivu, akavisukuma mbele kwa kiganja. Kila kifungu kikajisokota peke yake. Kisha, bila kuinua mkono, akavivuta nyuma, navyo vikakumbatiana kuwa kamba moja. Mbele, nyuma, kamba ikarefuka kwa urefu wa kidole. Ngozi ya paja lake mahali pale ilikuwa ngumu na nyororo. Kiondo kizima huanza hivyo, na kusuka kwenyewe, kuanzia katikati ya kitako hadi mdomoni, ni kazi ya baadaye. Katika bei anayolipwa, ni nani anayehesabu muda wa kusokota?

"Susu," nikamwuliza, "kiondo hiki ni cha Machakos au cha Kitui?" Akacheka. "Mwanangu, mimi nilizaliwa Kitui nikaolewa huku. Mikono sikuiacha kwetu." Jibu lile lilinisumbua kuliko hifadhidata zote. Wanaosimamia viashiria vya kijiografia, yaani majina ya mahali yanayolindwa kwa sababu bidhaa inapata sifa zake hapo, hupenda ramani yenye mstari. Hapa ujuzi umesafiri kwa mahari. Umevuka mito, umepita mipaka ya wilaya, na kila bibi harusi ameubeba na kuuchanganya na aliyoyakuta. Ramani gani itauchora ujuzi wa namna hiyo?

Nikamwuliza pia juu ya Wajapani. Anaikumbuka miaka ambayo wanunuzi walifika na pikapu, wakachukua vikapu visivyo na mikanda, vikaenda Nairobi kutiwa ngozi na bitana. Kisha wakaanza kuleta vipimo na rangi za kufuata. Kisha hawakuja tena. Nani aliyemwambia kwamba kiondo kimechukuliwa? "Yule aliyekuwa akinunua. Alisema soko limekwenda kwa Wajapani." Ni kumbukumbu moja, ya miaka mingi, na redio huenda imeipaka rangi. Siwezi kuijengea hukumu. Lakini inaonyesha kitu: kwake, habari ililetwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kueleza kwa nini hanunui tena. Je, yawezekana uvumi ulianza kama udhuru wa biashara?

Wafanyabiashara wazee mjini wanaeleza upande wao. Mnunuzi wa ng'ambo aliomba sampuli, akapelekewa. Akaomba rangi nyingine, akapelekewa. Akiwa na sampuli mkononi, hakuzuiwa na lolote asiagize kwingine mahali ambapo nyuzi, mikono au usafiri ni rahisi zaidi. Kisheria, kuiga kitu kisicholindwa si wizi, hata kama kunauma. Kwa hiyo swali la "nani alisajili" linageuka. Tunaloweza kulijibu kwa kumbukumbu ni hili: wakati kiondo kinauzwa kwa wingi, msusi wa Machakos alikuwa na kinga gani?

Hapo nikarudi kwenye vitabu vya sheria, na picha ikawa chungu. Hadi Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989, Kenya huru haikuwa na mfumo wake wa kutoa hataza. Mtu alipata hataza Uingereza kwanza, kisha akaja kuiandikisha Nairobi. Sura za bidhaa nazo zilifuata usajili wa Uingereza. Fikiria kikundi cha wanawake wa Kathiani mwaka 1978, chenye mstari wa rangi kilichoubuni wenyewe. Ili kuulinda nchini mwao, ilibidi waanzie London. Habari ya usajili wa Japani tumeibeba miaka mingi, na hii ya London, ambayo iko wazi katika vitabu vya sheria, haisimuliwi popote. Kwa nini tumeipuuza?

Hata hivyo, njia moja ilikuwapo nyumbani. Sheria ya Alama za Biashara, iliyoanza kutumika mwaka 1957, ina kifungu cha 40 kinachoruhusu alama ya uthibitisho: nembo inayomwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetoka mahali fulani, au imetengenezwa kwa namna fulani. Kingeweza kutumika kwa kiondo. Lakini kina sharti: mwenye alama hiyo asiwe mfanyabiashara wa bidhaa anayoithibitisha. Chama cha wasusi kinachouza vikapu hakikuweza kuimiliki. Ilihitajika taasisi ya pembeni, yenye fedha za kukagua na isiyo na kikapu cha kuuza. Alama ya pamoja, inayoweza kumilikiwa na chama cha wazalishaji wenyewe na kubeba jina la mahali, iliingizwa baadaye kwa kifungu cha 40A. Soko lilipokuwa moto, ni nani aliyekuwa na haja ya kuikagua kazi ya wanawake wa vijijini?

Kwa jibu la hilo nilikwenda kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi, kwenye majalada ya wilaya ya Machakos. Taarifa za maofisa wa kikoloni ni nene. Zina mifugo, mmomonyoko wa udongo, matuta, njaa, kodi. Katika nilizofungua, vikapu vilipita kwa nadra, kama jambo la pembeni. Lililokuwa na kodi liliandikwa. Lililosukwa na mwanamke akiwa njiani kwenda kuteka maji halikuwa na safu yake. Huu ndio ukuta mgumu wa safari hii. Anayetaka kuthibitisha sifa ya kiondo cha Machakos kwa miaka mia anahitaji kumbukumbu ambazo waandishi wake hawakuona haja ya kuziandika. Je, sifa isiyo na karatasi huhesabiwa?

Vitabu vya wageni vinasaidia, lakini vinaleta tatizo lao. Akina Routledge waliandika juu ya Wakikuyu, na Lindblom juu ya Wakamba, na katika vyote wanawake wanasuka. Ukienda Murang'a au Nyeri utaambiwa kiondo ni chao, na wana hoja. Ukienda Kitui utaambiwa vivyo hivyo. Nimesikia watu wakibishana juu ya nani aliyemfundisha mwenzake, na sijaona ushahidi unaomaliza ubishi huo upande wowote. Labda ni swali bovu. Majirani waliooana na kubadilishana nafaka kwa mifugo kwa vizazi hawakuwa na sababu ya kuandikishana hati za ujuzi. Lakini sheria ya leo inataka jina la mwenyewe. Tutaandika jina la nani?

Kisha kuna katani yenyewe. Mama wa Masii anakwangua jani la mkonge ulio kwenye ua wake, na ungedhani mmea huo umekuwapo tangu milima ilipoumbwa. Haukuwapo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, yenye asili ya Yucatán huko Meksiko. Mingi ilikufa njiani, na 62 tu iliyosalia ikapandwa upande wa Tanga. Kutoka huko mkonge ukavuka kuingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa mashambani upande wa Thika, kisha ukaenea hadi nyua za wakulima. Kabla yake vyondo vilisukwa kwa magome ya mibuyu na vichaka vya porini. Kwa hiyo kiondo cha katani, tunachokiita cha jadi, ni cha karne moja hivi. Je, ugeni wa uzi unakiondolea haki ya mahali?

Na mahali penyewe pamebadilika. Kituo cha Machakos kilianzishwa na Waingereza mwaka 1889, kikawa makao ya utawala wa Ukambani hadi shughuli zilipohamia Nairobi mwaka 1899. Wilaya ya Machakos ya kikoloni ilifika mbali sana kusini. Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka 1992, na mwaka 2013 zikaingia kaunti. Kikapu kilichosukwa Makueni mwaka 1985 kilikuwa cha Machakos. Kilichosukwa kwenye kibaraza kilekile leo si cha Machakos. Mwandishi wa kanuni akichora mstari kwenye mpaka wa kaunti, anawatupa nje wanawake ambao vikapu vyao vilisaidia kulijenga jina. Akichora kwa kabila, anawatupa majirani. Mstari upite wapi?

Kabla ya kurudi nilisonga hadi Wamunyu, kwa sababu huko kuna jibu la kulinganisha. Uchongaji wa vinyago vya Wakamba, kwa simulizi iliyozoeleka, ulianza na mtu mmoja, Mutisya wa Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi na ufundi. Alifundishwa na nani? Wengine husema Wamakonde, wengine Wazaramo. Uzito wa dai la Wazaramo ni kwamba wao ndio wenyeji wa pande za Dar es Salaam. Dai la Wamakonde huenda limebebwa na umaarufu wao wa baadaye. Vyovyote vile, hakuna anayesema Wamunyu haina haki ya kujivunia vinyago. Mbona basi tunadai kiondo kiwe na asili safi ndipo kilindwe?

Wamunyu inafundisha jambo la pili. Wachongaji walihama na soko: wengi wakaenda Mombasa, wakaunda ushirika Changamwe miaka ya 1960, wengine wakatulia Gikomba, Nairobi. Mti wa muhugu uliopendwa ukawa adimu, na wengi wakageukia mwembe na mwarobaini. Mchongaji wa Wamunyu leo anaweza kuwa amezaliwa Changamwe, akichonga mti wa Pwani kwa ajili ya mgeni wa hoteli. Jina la mahali lingemsaidia au lingemfungia nje? Kwa kiondo hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa katani bado inaota uani na wasusi bado wako vijijini. Je, hilo linatosha kwa macho ya sheria?

Nilisoma upya maneno ya mkataba wa mwaka 1994 wa haki miliki zinazohusiana na biashara, ule wa Shirika la Biashara Duniani. Kifungu cha 22 hakidai asili ya kale. Hakidai damu. Kinadai kwamba ubora, sifa au tabia fulani ya bidhaa itokane hasa na mahali inapotoka. Sifa pekee yaweza kutosha. Kwa hiyo mkonge wa Yucatán hauui dai. Kinachopimwa ni kama kamba ya kusokotwa pajani, ususi wa Ukambani na jina lililojengeka vina uzito kwa mnunuzi. Kikwazo ni kwamba kifungu cha 23 kinazipa mvinyo na pombe kali ulinzi mkubwa kuliko bidhaa nyingine, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizotaka ulinzi huo uenezwe. Vikapu vina sababu gani ya kulindwa pungufu ya chupa?

Mifano ya kutia moyo ipo. Pilipili ya Penja, kutoka udongo wa volkano wa Kamerun, ilisajiliwa mwaka 2013 na shirika la haki miliki la nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Bei ya mkulima ikapanda mara kadhaa, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaitambua. Karibu nasi, vikapu vya Taita vina alama yao ya pamoja. Upo pia mfano wa kutia hofu. Kofia iitwayo Panama hufumwa Ecuador. Jina lililoshika ni la mahali ilipopitia ikienda sokoni, na hata baada ya UNESCO kuutambua ufundi huo mwaka 2012, dunia bado huiita Panama. Kiondo kilipitia Nairobi. Kinaelekea upande upi kati ya hiyo miwili?

Nilitaka kuamini upande wa Penja, lakini shaka haikuondoka. Pilipili hupimwa kwa gramu na ladha. Kiondo hupimwa kwa jicho. Nani atakwenda Mwala na Yatta kukagua kama kamba ilisokotwa kwa mkono au ilinunuliwa? Nani atamlipa? Ethiopia, kwa kahawa ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, iliona kwamba kukagua mashamba madogo yasiyohesabika ni mzigo, ikachagua kusajili majina hayo kama alama za biashara za serikali. Hiyo ni njia nyingine, na ina hatari yake: jina likiwa la serikali, faida hufika kwa mkulima kupitia mikono mingi. Nembo iliyo mkononi mwa dalali itamwacha msusi palepale. Nani ashike nembo?

Nyumbani, sheria zimekuja nusu nusu. Rasimu za muswada wa viashiria vya kijiografia zimezunguka tangu mwanzo wa miaka ya 2000 bila kuwa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuzipa jamii fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na humo serikali za kaunti zikapewa kazi ya kukusanya na kutunza kumbukumbu za maarifa ya watu wao. Kwa mara ya kwanza, ile safu iliyokosekana kwenye majalada ya kikoloni imepewa mahali pa kuandikwa. Kaunti jirani zikikaa pamoja, hata ubishi wa Mkamba na Mkikuyu waweza kuandikwa kama umiliki wa pamoja. Kwa nini uvumi unasimuliwa zaidi ya sheria hii?

Nadhani ni kwa sababu uvumi hautudai kazi. Ukisema kiondo kiliibwa na watu wa mbali, hakuna la kufanya ila kusikitika. Nimefuata dai hilo hadi nilipoweza kufika, na hukumu yangu ni hii: hakuna hati iliyoonekana, sheria ya hataza haikuiruhusu, na kama ilikuwapo ya sura, ilikwisha kufa zamani na haikuwahi kuwa na nguvu Machakos. Kilichotokea kinaelekea kuwa cha kawaida zaidi: bidhaa isiyo na nembo ilipendwa, ikaigwa, ikashindwa kwa bei. Kasoro hiyo bado inarekebika, ilimradi swali liulizwe kwa wanaohusika. Lakini wasusi watakubaliana?

Si lazima wakubaliane juu ya kila jambo. Asili ya ujuzi inaweza kubaki na wazee wa kubishana. Kanuni za nembo zinahitaji machache yaliyo wazi: uzi upi unaruhusiwa, eneo lipi, nani anakagua, na msusi analipwa nini kabla ya ngozi kutiwa. La kwanza ndilo gumu. Katani tupu ya pajani italipwa bei nzuri na kuwaacha nje wasukao kwa uzi wa dukani, ambao ni wengi na wana watoto wa kusomesha. Kuruhusu vyote kutawaingiza wote na kulifanya jina lisiwe na maana kwa mnunuzi. Nembo mbili, moja ya katani na moja ya mchanganyiko, yaweza kuwa njia ya kati. Si wakili wala mtafiti aliye na mamlaka ya kuamua hilo, ila wanawake wa Kathiani, Masii, Wamunyu na jirani zao wa Makueni na Kitui. Nani atawaita kikao kimoja, na nauli ya kufika huko atailipa nani?